UZI: Kuzamia kwa mtungi Ziwa Victoria huku unajiandaa na marathoni. Tupange vipi wiki, pumzi na baridi?

Pumzi ya Isamilo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni kwa wakimbiaji wa Mwanza na kanda ya ziwa ambao wameanza, au wanatamani kuanza, kuzamia kwa mtungi wa hewa. Najua tupo. Wengi tumepata cheti Zanzibar au Mafia, tumerudi huku, ziwa liko mlangoni, na Kilimanjaro Marathon inakaribia. Mimi nina lengo jingine pia: mwakani naenda Cape Town kikazi na nataka kuzamia False Bay, ambako maji huwa nyuzi 12 hadi 18 hivi, na upande wa Atlantiki yanaweza kushuka mpaka 10. Kwa hiyo swali langu la miezi hii ni moja: ustadi wa maji ya baridi unajengwaje ukiwa Mwanza bila kuvuruga maandalizi ya kilomita 42?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili wenye hoja tofauti wapate pa kuanzia. Kuzamia kusiingizwe kwenye ratiba kama zoezi. Ni ufundi, na siku yake ihesabiwe kuwa siku ya kupumzisha miguu. Kinachotufikisha mwisho wa marathoni ni kukaza meno mwili ukisema basi. Chini ya maji tabia hiyo hiyo inaua. Ukihema, unasimama. Ukisikia baridi, unapanda. Ukiwa na shaka, huingii.

Tuanze na ziwa lenyewe. Uso wake uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na taratibu za kuzamia sehemu za mwinuko zinaanza kutumika kuanzia mita 300. Maana yake majedwali ya kina na muda wa kukaa chini uliyofundishwa Zanzibar huwezi kuyatumia hapa kama yalivyo. Hewa ya Mwanza ina shinikizo la karibu asilimia 88 ya ile ya pwani. Baharini ukipanda kutoka mita 10 mpaka juu, shinikizo linapungua nusu. Hapa linapungua kupita nusu. Naitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu na misuli inapata msukumo mkubwa zaidi wa kugeuka mapovu, na hapo ndipo ugonjwa wa wazamiaji unapoanzia. Kompyuta yako ya kuzamia (kifaa kinachokuhesabia kina na muda) hakikisha imewekwa kwenye mwinuko sahihi na kwenye maji yasiyo na chumvi. Panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, na zile dakika 3 za kusimama kwenye mita 5 kabla ya kutoka ni lazima hata kama ulikuwa mita 8 tu.

Anayetua na ndege kutoka Dar asiingie majini siku hiyo hiyo kana kwamba amezaliwa Kirumba. Mwili wake bado una naitrojeni ya pwani. Angalau saa 6 zipite kwanza.

Halafu vyuma vya uzito. Maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari kwa asilimia 2 na nusu hivi. Mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 90 anahitaji kupunguza kama kilo 2 za chuma alizozoea Zanzibar. Mkimbiaji aliyekonda awe mwangalifu zaidi asibaki na chuma kingi, kwa sababu mwili usio na mafuta unazama wenyewe.

Sasa baridi. Watu wananicheka nikiongelea baridi ya Ziwa Victoria. Ni kweli, maji ya juu huwa nyuzi 24 hadi 27. Lakini maji yanauchukua moto wa mwili kwa kasi ya karibu mara 25 kuliko hewa. Binadamu asiye na suti akitulia ndani ya maji anahitaji yawe karibu nyuzi 33 au zaidi ili asipoteze joto. Kwa hiyo kwenye nyuzi 25 unapoteza joto kila dakika, polepole, bila kugundua. Na kuanzia Juni mpaka Agosti, upepo wa kusini unapolikoroga ziwa, yanapoa zaidi. Mkimbiaji wa kilo 58 mwenye mbavu zinazohesabika hatakaa chini muda sawa na swahiba wake mwenye kitambi. Mimi navaa suti ya milimita 5 na kofia yake mwaka mzima, na sioni aibu kuomba tupande.

Baridi ina jambo jingine ambalo wakimbiaji hatuambiwi. Ukiingia ukiwa na joto, damu inazunguka vizuri na unabeba naitrojeni nyingi. Ukipoa wakati wa kupanda, mishipa ya mikono na miguu inabana, na naitrojeni inachelewa kutoka. Jeshi la wanamaji la Marekani lilifanya majaribio kuhusu hili, na mpangilio mbaya ulikuwa huo: joto chini, baridi wakati wa kupanda. Ndiyo maana kutetemeka ukiwa kwenye ile mita 5 si jambo la kuvumilia kiume. Mzamo ujao ufupishwe.

Kuhusu ratiba, baada ya kusoma sana na kujaribu, nimetulia hapa: mbio ndefu ni Jumamosi alfajiri, kuzamia ni Jumapili asubuhi, Jumatatu sikimbii kabisa, Jumanne mbio nyepesi ya Makongoro kwenda Capripoint, Jumatano ndiyo milima ya Isamilo na Bugando. Sababu za mpangilio huo nitazieleza mtakapouliza, maana uzi utakuwa mrefu mno. Karibuni.

---

Mwalo wa Igombe

Mkuu, uzi mzuri. Ila mimi nauliza hilo la Jumapili na Jumatatu. Kwa nini usizamie Jumamosi mchana halafu Jumapili alfajiri ukapiga kilomita zako 25? Wengi tunapenda mbio ndefu ya Jumapili, kikundi kizima kinakuwepo.

---

Pumzi ya Isamilo

Kaka, hapo ndipo pa kusimama muda mrefu.

Ukitoka majini mwili bado unatoa naitrojeni kwa saa nyingi. Mapovu madogo kwenye mishipa ya wazamiaji yanapatikana hata kwa mtu asiyeumwa kabisa. Mapafu yanayachuja kimya kimya. Ukianza kukimbia kwa nguvu, damu inasukumwa, misuli inavutana, mapovu yanaweza kuongezeka, na yale yaliyotulia yanahamishwa. Isitoshe, karibu mtu 1 kati ya 4 ana kitundu kidogo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo ambacho hakikuziba alipozaliwa. Wengi wanaishi na kuzeeka bila kujua. Ukikaza au ukibeba mzigo, mapovu yanaweza kupita hapo, yakaruka mapafu na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo au uti wa mgongo.

Kabla ya kuzamia habari ni tofauti. Mwaka 2004 Dujić na wenzake walichapisha utafiti ambapo wazamiaji waliofanya mazoezi ya kukimbia saa 24 kabla walionekana na mapovu machache kuliko walipozamia bila mazoezi. Simwambii mtu atumie hilo kama chanjo. Linanipa tu sababu ya kuweka mbio ndefu kabla ya kuzamia, nikiacha kama saa 24 katikati.

Na kuna sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Dalili ya kwanza ya ugonjwa wa wazamiaji mara nyingi ni maumivu ya kiungo: bega, kiwiko, goti. Sasa niambie, mtu aliyezamia Jumamosi na kukimbia kilomita 25 Jumapili, goti likiuma saa sita mchana atasema nini? Atasema ni mbio. Atapaka dawa ya kuchua, atalala. Kumbe alihitaji oksijeni safi na daktari, na kila saa inayopita inamgharimu. Ukiacha Jumatatu tupu, maumivu yoyote mapya yanakuwa na maelezo mamoja tu, na unakwenda hospitali bila kubishana na nafsi yako.

Kuhusu kikundi cha Jumapili, nakuelewa. Kwenye wiki usiyozamia, kimbia nao.

---

Mwana Ukerewe

Nashukuru kwa uzi. Nataka kuongeza kwa nini jambo hili lisionekane ni anasa ya watu wenye pesa.

Sisi wa visiwani tunakumbuka MV Nyerere, Septemba 20, 2018, karibu kabisa na Ukara. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha kivuko hicho kilipopinduka. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Na Novemba 6, 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kila nikikumbuka hayo natamani kila mwalo uwe na vijana wawili watatu waliofundishwa vizuri, wenye pumzi, wenye miguu ya mkimbiaji, wanaojua kufanya kazi kwenye maji ambayo huoni mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo mkuu, tuambie hilo la kutoona. Zanzibar unaona mita 20. Huku je?

---

Pumzi ya Isamilo

Ndugu yangu, umenigusa, na nakubaliana nawe kila neno.

Huku kwenye ghuba ya Mwanza maji ni ya kijani kwa mwani na udongo. Kuona mita 1 au 2 ni kawaida, na ukigusa tope la chini huoni kitu kabisa. Nasema hivi kwa moyo wote: ziwa hili ni mwalimu bora wa maji ya baridi kuliko bahari ya Zanzibar. Maji mengi ya baridi duniani nayo yana ukungu na giza, na kule unavaa vitu vingi. Anayeweza kutulia, kuvua miwani na kuivaa tena, kupokea regileta (kifaa cha kupumulia) ya mwenzake na kusoma kompyuta kwa tochi kwenye kijani cha huku, atabakiza kazi moja tu akifika False Bay, ya kuizoea baridi yenyewe.

Ninachofanya ni hiki. Kila ustadi naufanya kwanza kwenye bwawa la kuogelea, nikiwa nimevaa glovu nene za milimita 5. Kufungua na kufunga klipu, kushika kitufe cha jaketi la kuelea, kutafuta kisu. Vidole vikipata baridi vinakuwa vizito na havina hisia, na glovu nene inakupa sehemu ya shida hiyo mapema. Baadaye nafanya hayo hayo nikiwa nimefumba macho. Mwisho ndiyo ziwani, mimi na mwenzangu tukiwa na kamba fupi kati yetu, kina kisichozidi mita 10, boya juu, na mtumbwi wenye mtu anayejua kazi yake.

Visu viwe viwili, kila mkono uweze kufikia kimoja. Nyavu zilizokatika na kuachwa chini ni nyingi, na mkimbiaji aliyenaswa mguu kitu cha kwanza anachotaka ni kupiga mateke. Tulia. Rudi nyuma nusu mita. Mwenzako akate.

---

Mwalo wa Igombe

Hapo kwenye nyavu naomba nitie neno, mimi nimekulia mwaloni. Msizamie bila kuongea na wavuvi wa eneo hilo na BMU yao, yaani kikundi kinachosimamia mwalo. Wao wanajua wapi kuna nyavu zimetegwa, wapi kuna miamba, na wapi kiboko analala. Mamba nao wapo, hasa penye matete na midomo ya mito. Mtu asije na mtungi wake kutoka mjini akaingia popote kwa sababu pameonekana pazuri kwenye picha na Bismarck Rock iko nyuma.

---

Pumzi ya Isamilo

Asante sana kaka. Hilo liwe sheria kwa kila anayesoma.

---

Dada wa Nyegezi

Mimi nimeshakimbia Rock City Marathon na sasa nasomea kuzamia. Tatizo langu ni hewa. Mtungi wangu unaisha wakati mwalimu bado ana nusu. Najiuliza, mapafu ya mkimbiaji si yangenisaidia? Halafu ndama za miguu zinanikamata kila mara.

---

Pumzi ya Isamilo

Dada, hongera kwa hatua hiyo, na usikate tamaa. Hili linawapata wakimbiaji wengi.

Tukikimbia tunavuta hewa kwa wingi na haraka, na hapa juu ya nchi hewa haina bei. Chini ya maji kila pumzi ni nzito: kwenye mita 10 za ziwa letu pumzi moja inabeba hewa ya zaidi ya pumzi mbili za juu. Maji nayo ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa, na ukizidisha mwendo mara mbili, ukinzani unaongezeka mara nne. Kwa hiyo nguvu za miguu unazojivunia zinanunua mwendo mdogo kwa hewa nyingi mno. Punguza mwendo mpaka uone unachelewa, halafu punguza tena.

Pumua kama unavyotembea baada ya kumaliza mbio: ndani polepole, nje polepole zaidi. Hiyo ya nje ndiyo inayotoa kaboni dioksidi, na kaboni dioksidi ikijaa ndiyo inayokufanya uone hewa haitoshi hata kama mtungi umejaa. Usizuie pumzi kamwe, hasa ukipanda. Na kumbuka kuwa kila lita ya hewa unayoongeza kifuani inakuinua kwa nguvu ya karibu kilo 1. Wewe mwenye mapafu makubwa ukivuta pumzi ndefu ya mkimbiaji unapaa, unatoa hewa kwenye jaketi, ukitoa pumzi unazama, unajaza tena. Hewa inaishia hapo. Vuta ya wastani.

Ndama zinakamata kwa sababu vifundo vya mkimbiaji vimekakamaa, na flipa (mapezi ya miguuni) zinataka unyooshe vidole kwa muda mrefu. Piga mateke kutokea nyongani, au jifunze teke la chura, ambalo pia halitimui tope. Ikikamata, simama, shika ncha ya flipa, ivute kuelekea kwako mpaka iachie. Na usizamie siku ya pili baada ya milima.

Kunywa maji ya kutosha, lakini usijipakie. Ukiwa majini shinikizo na baridi vinasukuma damu kifuani, figo zinadhani una maji mengi na unakojoa sana. Unatoka umekaukiwa, na damu iliyokaukiwa ni mbaya kwa naitrojeni na mbaya kwa mbio zako za Jumanne. Baada ya kuzamia mimi natumia uji na chumvi kidogo, au maji na matobolwa (viazi vitamu vikavu). Mkojo ukirudi kuwa mweupe, nimetosheka.

Ukisikia kikohozi na pumzi kukata ukiwa majini, hasa yenye baridi, usiseme ni uchovu. Maji yanaweza kujaa kwenye mapafu hata kwa mtu mwenye mazoezi mazuri. Toka, keti wima, pewa oksijeni, nenda hospitali.

---

Kijana wa Igoma

Mkuu, kichocho umekiruka.

---

Pumzi ya Isamilo

Nilikuwa nakuja huko.

Kichocho cha tumbo kipo ziwani na tusikifiche. Vimelea vinatoka kwenye konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na vinatoka kwa wingi jua likiwa kali. Kwa hiyo tunaingilia kwenye mtumbwi, mbali na ufukwe wenye matete, na tunavaa suti nzima. Tukitoka tunajifuta kwa taulo haraka. Hayo yanapunguza hatari, hayaiondoi. Mimi napima kinyesi mara kwa mara, na daktari akiona haja natumia prazikwanteli. Dawa hiyo haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo kumeza jioni ya siku uliyozamia hakusaidii. Muulize daktari muda unaofaa. Mkimbiaji ambaye spidi yake imeshuka bila sababu, tumbo linasokota na anachoka mapema, apime kabla hajabadilisha viatu.

---

Dada wa Nyegezi

Na hiyo baridi ya kweli ya nyuzi 12, unaizoeaje huku kwenye joto?

---

Pumzi ya Isamilo

Barafu ya samaki, dada. Pale mwaloni Kirumba inapatikana.

Ukiingia ghafla kwenye maji ya chini ya nyuzi 15 mwili unashtuka: unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, moyo unakimbia. Dakika 1 hadi 3 za mwanzo ndizo mbaya. Habari njema ni kwamba mshtuko huo unapungua kwa kuzoea. Kuingia mara tano au sita kwa dakika mbili tatu kunaonyesha tofauti, na mazoea hayo hudumu muda. Najaza pipa maji, natia barafu, napima kwa kipimajoto, naingia polepole mpaka kifuani. Kuna mtu amesimama pembeni muda wote. Kichwa sizamishi. Mwenye presha au tatizo la moyo asiguse jambo hili bila daktari. Na sifanyi siku ya kuzamia wala siku ya milima.

Kuna mambo ambayo Mwanza haiwezi kukupa. Suti kavu, ile inayozuia maji kabisa na kujazwa hewa, inataka mwalimu na maji ya huko huko, maana hewa ikikimbilia miguuni inakupindua kichwa chini. Regileta nayo, maji yakiwa chini ya nyuzi 10, inaweza kuganda na kumwaga hewa bila kusimama. Zipo zilizotengenezwa kwa baridi, na pia unafundishwa jinsi ya kupumulia ile inayomwaga. Siendi kujifundisha hayo peke yangu.

---

Mwalo wa Igombe

Swali la mwisho kwangu. Mimi na vijana wawili tunataka kwenda kufanya kambi ya mwinuko Mbulu kabla ya Kilimanjaro Marathon. Tukizamia Jumapili, tunaweza kuondoka na basi Jumatatu alfajiri?

---

Pumzi ya Isamilo

Hapana, kaka. Kupanda mlima baada ya kuzamia ni sawa na kupanda ndege. Ndani ya ndege za abiria shinikizo hushushwa mpaka lile la karibu mita 2,400, na ukingo wa Ngorongoro, ambao utaupita ukikatisha Serengeti, uko kama mita 2,300. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, kwa ndege ni saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida na saa 18 baada ya mizamo kadhaa. Hesabu hizo ni za mtu aliyezamia usawa wa bahari, kwa hiyo sisi tuongeze. Ondokeni Jumanne. Na mkifika Mbulu, siku ya kwanza tembeeni tu.

Kabla hamjaingia majini Jumapili hiyo, muulizeni anayewazamisha mambo mawili: chupa ya oksijeni iko kwenye mtumbwi upi, na chumba cha shinikizo cha karibu, cha kutibia ugonjwa wa wazamiaji, kiko wapi na mgonjwa atafikishwaje bila kupandishwa juu. Asipojibu moja kwa moja, kimbieni Jumapili na kikundi, zamieni wiki nyingine.